Namna ya Kusaka Lugha Iliyokufa Katika Midomo ya Majirani

Usije ukadhani unafundishwa na profesa. Mimi nilikuwa mpima ardhi. Miaka thelathini na moja nimebeba vigingi na minyororo kuanzia Mafinga mpaka Ipinda, na nusu ya kazi ile haikuwa kupima, ilikuwa kuuliza. Kilima kile kinaitwaje? Na kijito kile cha pili? Mzee anakujibu, unaandika, unarudi ofisini Mbeya, halafu mchora ramani analiandika upya kwa jinsi anavyolisikia yeye. Likishachapwa, ndilo jina. Baada ya miaka kumi hata wajukuu wa yule mzee wanalitamka la kwenye ramani.

Kwa hiyo nilipostaafu nikarudi kwenye migomba yangu hapa Tukuyu, na mjukuu akanionyesha jinsi ya kutumia intaneti kwenye simu, sikuhangaika na siasa wala mpira. Nilinasa kwenye Kiprusi, na nimenasa huko mwaka wa sita sasa. Mjukuu mwenyewe, yuko kidato cha tano, ndiye aliyeniomba niandike jinsi ninavyofanya, kwa sababu yeye anataka kufanya vivyo hivyo na lugha za huku kwetu. Basi nakuandikia na wewe humo humo.

Kiprusi si Kijerumani, tuanzie hapo. Waprusi wa asili walikaa kandokando ya Bahari ya Baltiki, kati ya mto Vistula na mto Nemunas, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa iko Poland na jimbo la Kaliningrad la Urusi. Lugha yao ilikuwa ndugu wa Kilithuania na Kilatvia. Katika miaka ya 1230 wakavamiwa na askari watawa wa Kijerumani, vita ikaisha 1283, na tangu hapo lugha ikawa inarudi nyuma kizazi baada ya kizazi. Tauni ya 1709 hadi 1711 ikapitia waliobaki. Mwanzoni mwa karne ya 18 hakuna tena aliyekuwa akiisema. Na jina lao je? Jina lilichukuliwa na walioshinda. Ufalme wa Prussia, ule ambao mfalme wake ndiye baadaye aliyekuwa Kaizari wa Ujerumani yote, ulitembea na jina la watu ambao lugha yao ilikuwa kaburini. Boma la Kijerumani hapa Tukuyu lilijengwa chini ya Kaizari huyo. Nikipita pale nikiwa na mkungu wangu wa ndizi nacheka peke yangu.

Sasa kazi. Kosa la kila anayeanza ni kuanza na lugha iliyokufa. Anafungua orodha ya maneno yake, anatafuta yanayofanana na ya jirani, anashangilia. Mimi nilifanya hivyo. Niliona Mungu kwa Kiprusi ni *deiws*, kwa Kilithuania *dievas*, kwa Kilatvia *dievs*, nikasema hii hapa alama ya marehemu. Si alama yoyote. Hao ni ndugu wa tumbo moja, kila mmoja amerithi neno kwa mama. Ni kama tatu ya Kinyakyusa na *datu* ya Kihehe: hakuna aliyemkopa mwenzake. Kufanana kwa ndugu hakukuonyeshi kitu. Unachotafuta wewe ni neno lililokaa vibaya ndani ya nyumba, lenye tabia ambayo watoto wa nyumba ile hawana.

Ndiyo maana unaanza na walio hai, ujue kwanza tabia zao. Chukua mfano wa nyumbani. Kinyakyusa tunasema *umundu*. Mhehe anasema *umunu*. Kiswahili ni mtu. Neno la kale ni moja, lilikuwa na n na t zikifuatana, na kila lugha ikaamua kivyake: sisi tukailainisha t ikawa d, Mhehe akaimeza t akabaki na n, Mswahili akaimeza n akabaki na t. Jaribu tena: *ikindu*, *ikinu*, kitu. Imekubali. Hiyo sasa ni sheria, na sheria ya sauti haina upendeleo, haiulizi neno ni la maana au la kipuuzi. (Nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kijiji kimoja cha Mufindi, bibi mwenye nyumba alinitajia *ikinu* kilichokuwa pembeni ya ghala, anataka nimpe. Nikamletea kinu, nimekibeba begani, jasho linanitoka. Alikuwa anataka kikapu. Alisema tu “kile kitu”.)

Ukishajua kwamba Kihehe hakipendi t baada ya n, basi siku ukisikia neno la Kihehe lenye “nt” safi katikati, una haki ya kulisimamisha na kuliuliza linatoka wapi. Hapo ndipo usakaji unapoanza.

Haya, twende Baltiki na mkoba huo huo. Weka Kilithuania kushoto na Kilatvia kulia, andika kwa jozi. Mkono: *ranka*, *roka*. Dirisha: *langas*, *logs*. Tano: *penki*, *pieci*. Laini: *minkštas*, *mīksts*. Usikimbie, ziangalie mpaka uone mwenyewe. Mlithuania anaishika n mbele ya konsonanti. Mlatvia ameitupa, na irabu iliyokuwa mbele yake imebadilika au imerefuka kuziba pengo. Hiyo ni sheria ya kwanza. Jozi nyingine: kunywa, *gerti* na *dzert*, hai, *gyvas* na *dzīvs*. Mlithuania ana g, Mlatvia mbele ya e na i ameigeuza dz. Sheria ya pili. Mimi huziandika kwa kalamu ya risasi ndani ya jalada la daftari, kama tulivyokuwa tukiandika namba za bikoni, yale mawe ya mipaka, ili zisinipotee.

Kisha leta neno la kaharabu, ile gundi ya miti ya kale iliyogeuka jiwe, ambayo bahari ile huitema ufukweni. Kilithuania ni *gintaras*. Kilatvia ni *dzintars*.

Simama hapo. Usisome mbele kwanza.

Umeona? Mwanzo wa neno umefuata sheria ya pili vizuri kabisa: g imekuwa dz. Lakini n ipo! Kwa sheria ya kwanza Mlatvia alipaswa kuitupa na kusema kitu kama *dzītars*. Hakufanya. Kwa hiyo neno hilo halikukua kwenye kinywa cha Kilatvia cha kawaida. Je, amelikopa kwa Mlithuania? Hapana, kwa sababu Mlithuania angempa lenye g. Panahitajika mtu wa tatu, mwenye dz kama Mlatvia na n kama Mlithuania. Na mtu huyo yupo, au tuseme alikuwepo: Wakuroni, watu wa pwani ya magharibi ya Latvia na kaskazini-magharibi ya Lithuania, ambao lugha yao ilizimika karne ya 16 au ya 17 bila kuacha kitabu. Wataalamu wa lugha za huko wanalihesabu *dzintars* kuwa mabaki yao.

Nilipolielewa hilo mara ya kwanza ilikuwa saa tano usiku, mvua inapiga bati, na nilimwamsha mke wangu. Aliniuliza kama kuna mtu amekufa. Nikamwambia ndiyo, lakini zamani.

Usiishie kwenye sauti. Uliza: je, kitu chenyewe kinakubaliana na hadithi? Maneno husafiri na vitu. Kaharabu iko ufukweni, na ufukwe ule ulikuwa wa Wakuroni. Mlatvia wa bara anayenunua kaharabu ananunua na jina lake, kama sisi tulivyopokea hela kutoka *Heller* ya Wajerumani na shule kutoka *Schule* yao. Mjerumani ameondoka, senti zake ziko kwenye makopo ya watoza sarafu, ila kila siku soko la Kiwira watu wanadaiana hela. Kama sauti inasema ndiyo na kitu kinasema hapana, mimi huliweka neno pembeni na alama ya kuuliza.

Baada ya maneno nenda kwenye majina ya mahali, na hapa ndipo mpima ardhi anapojisikia nyumbani. Huko huko magharibi ya Latvia kuna mji unaitwa Kandava. “An” imekaa pale bila wasiwasi, Kilatvia hakikuila. Mto Venta nao una “en” yake. Lakini mimi kwa Venta natahadhari, kwa sababu mto unaanzia Lithuania, na jina lingeweza kuteremka na maji kutoka kwa watu ambao n si shida kwao. Mto ni shahidi anayetembea. Kilima na kijiji vinakaa.

Hata hivyo mto wa kukuonyesha ninao, na ni wa Kiprusi. Unatoka kwenye ziwa Mamry, Poland, unaingia Kaliningrad. Wajerumani waliuita Angerapp. Warusi wanauita Angrapa. Wapolandi wanauita Węgorapa. Sasa fungua orodha ya Elbing. Hii ni orodha ya maneno 802 ya Kijerumani na Kiprusi, nakala yake iliandikwa kama mwaka 1400, na ndiyo hazina kubwa ya lugha ile pamoja na katekisimu tatu, vitabu vya mafundisho ya dini, zilizochapwa Königsberg, mji wa Kaliningrad wa leo, mbili mwaka 1545 na moja 1561. Kwenye orodha hiyo utamkuta *angurgis*, mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Na *ape*, kijito. Mto wa Mikunga. Mlithuania mpaka leo anasema *ungurys* na *upė*, kwa hiyo tafsiri haibishaniwi.

Ila angalia Wapolandi walichofanya. Kwao mkunga ni *węgorz*. Walielewa nusu ya kwanza ya jina, wakaitafsiri. Nusu ya pili hawakuielewa, wakaiacha ilivyo: -apa. Neno la Kiprusi la mto limebaki limening'inia mkiani mwa jina la Kipolandi, na mwenye lugha hayupo. Na kuna zaidi. Mwaka 1938 watawala wa Kinazi waliamua kufuta majina yenye harufu ya Kibaltiki katika eneo lile. Mji wa Darkehmen, ulioko kando ya mto huo, ukapewa jina “safi”: Angerapp! Wamefuta jina moja wakaweka lingine ambalo nalo ni Kiprusi kutoka kichwa hadi mkia. Warusi walipofika wakauita Ozyorsk, lakini mto wameuacha.

Usiwacheke sana. Sisi tunasema Mto Ruaha. Muulize Mhehe: *ruvaha* ni mto. Tunasema Mto Mto, na ule mkubwa ni Mto Mto Mkuu, na hakuna aliyewahi kutuzuia. Iringa nayo ni *lilinga*, ngome. Kiambishi kimenyolewa, l imekuwa r, na anayeishi Dar es Salaam hajui kwamba ametaja ukuta. Kwa hiyo ukienda uwandani, swali si “jina hili maana yake nini” peke yake. Uliza pia “je, hilo neno mnalitumia kwa kitu kingine?” Mzee akikujibu “aa, hilo ni jina tu”, usiondoke. Kaa chini, omba maji. Jina ambalo ni jina tu ndilo lenye mzigo. Pale karibu na Kiwira kuna kijito ambacho nimewauliza wazee saba na wote wamenijibu hivyo hivyo. Sijakitaja hapa kwa sababu bado nakivizia.

Sasa mitego, maana ipo mingi na mimi nimenaswa na karibu yote.

Wa kwanza ulinifedhehesha hadharani. Nilisoma kwamba kwa Kilithuania baba wa nyumbani ni *tėtis*, na Kilatvia ni *tētis*. Sisi Wanyakyusa tunasema *tata*. Nikaenda kilabuni, tumekaa kuzunguka chungu cha kimpumu, kila mtu na mrija wake, nikatangaza kwamba Walithuania ni watu wetu. Fundi cherehani mmoja, mtu asiyesoma kitu zaidi ya tepu yake ya kupimia, akaniuliza: “Mzee, kuna mtoto gani duniani asiyeanza na ta-ta, ba-ba, ma-ma?” Kilabu kizima kikacheka. Alikuwa sahihi. Maneno ya watoto wachanga hayahesabiwi kabisa, popote. Yafute kwenye daftari kabla hujaanza.

Wa pili ni jina la lugha. Kwenye ule mkanda wa mchanga unaotenganisha bahari na wangwa ulio ndani yake, kati ya Lithuania na Kaliningrad, wavuvi walisema lugha iliyoitwa Kikuroni mpaka karne iliyopita. Ukisikia hivyo unaruka: kumbe hakijafa! Tulia. Ile ni lahaja ya Kilatvia iliyohamia pale na wavuvi, ikabeba jina la watu wa zamani. Tena jina la Prussia lenyewe limeshakuonyesha jinsi jina linavyoweza kuvaliwa na mwingine.

Wa tatu ni masikio ya mwandishi. Walioandika Kiprusi karibu wote walikuwa Wajerumani. Katekisimu ya 1561 iliandaliwa na mchungaji Abel Will wa Pobethen, akisaidiwa na Mprusi mmoja, Paul Megott, maana Kiprusi chake mwenyewe hakikumtosha. Unapoona neno limeandikwa namna tatu tofauti, usichague lililokaa vizuri machoni. Nakili zote tatu. Mimi najua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa masikio hayo. Kuna vilima vya Rungwe vina majina ya ajabu kwenye ramani kwa sababu siku ile nilikuwa na mafua.

Kuna njia ya kukwepa mtego wa undugu niliokutajia mwanzo, nayo ni kumwendea jirani asiye ndugu. Kifini si cha ukoo wa Baltiki hata kidogo. Kwa hiyo ukikuta nyasi kavu za mifugo zinaitwa *heinä* kwa Kifini na *šienas* kwa Kilithuania, au daraja ni *silta* huku na *tiltas* kule, huwezi kusema wamerithi kwa mama mmoja. Mtu alimpa mtu. Kwa huku kwetu, maneno ya Kibantu ndani ya lugha isiyo ya Kibantu yangekuwa ushahidi wa namna hiyo hiyo. Hilo nalipita haraka, jirani wa hivyo hapa Tukuyu simpati kwa miguu.

Nikurudishe kwenye ulevi kidogo, maana ndipo ninapopapenda. Mwaka 1974, kwenye maktaba ya chuo kikuu cha Basel, Uswisi, iligunduliwa mistari miwili ya Kiprusi imeandikwa chini ya ukurasa wa hati ya zamani, ya mwaka 1369 hivi. Si sala. Inaanza *Kayle rekyse*, salamu bwana, na kwa tafsiri iliyozoeleka inasema: wewe si rafiki mwema tena, kama unataka kunywa na hutaki kutoa pesa. Basi! Miaka mia sita na zaidi, na mtu huyo nakaa naye kila Jumamosi. Kwa msakaji, neno la kushika mle ni *pēnega*, pesa. Si la Kiprusi kwa asili; limetoka kwa jamaa wa Kijerumani, ndugu yake ni *Pfennig*. Mlithuania naye analo, *pinigai*. Pesa haikosi kuja na jina lake. Kwa hiyo ukitaka kuanza mahali rahisi, anza na maneno ya sokoni: pesa, vipimo, chumvi, chuma. Sehemu za mwili na namba acha za mwisho, hizo watu hukopa kwa shida.

Orodha yako ipange kama ile ya Elbing. Yule mwandishi hakwenda kwa alfabeti; alianza na Mungu, malaika, mbingu, nyota, jua, akashuka mpaka kwenye vipande vya mkokoteni na jembe. Ni busara ya mtu aliyekaa na mkulima. Ukimwuliza mama wa Ipinda maneno yanayoanza na A atakuangalia tu. Mwambie akutajie kila kitu kinachoguswa kuanzia mpunga unapovunwa mpaka unapofika sahanini, utaandika mpaka jua lizame, na humo katikati yatatokea mawili matatu yasiyofuata sheria.

Na nakili. Hati ya Elbing ilipotea kwenye vita, 1945, lakini ilikuwa imeshachapwa. Mwaka 1978 kijana mmoja huko Belarus alipata daftari la maneno kama mia mbili na kumi na tano, yanayodhaniwa kuwa ya Kiyatvingi, ndugu mwingine aliyekufa. Wazazi wake wakalitupa. Kilichobaki ni nakala aliyokuwa ameiandika kwa mkono, na mpaka leo wataalamu wanabishana kama lugha ile ni yenyewe, kwa sababu asili haipo ya kukagua.

Mimi langu halikutupwa. Lilikuwa na majina ya vilima na vijito zaidi ya mia mbili, ya miaka yangu ya mwisho kazini, nililiacha juu ya kabati. Mwaka uliofuata niko stendi ya Uyole nasubiri basi, nikanunua karanga za mia tano. Nilipomaliza nikaikunjua ile karatasi kupangusa vidole, nikauona mwandiko wangu. “Kijito, upande wa kushoto wa njia, mzee anasema ni jina tu.” Nikamrudia muuza karanga mbio, nikamnunulia karanga zote alizokuwa nazo. Nilipata kurasa tisa. Nyumbani hakuna aliyekiri kuliuza, na karanga tulizila wiki nzima.

Kwa hiyo daftari mbili, moja inakaa kwa jirani. Kalamu iwe ya risasi, mvua ya Tukuyu haina huruma na wino.